Kusimika miti na kamba za nyanya na matango nyumbani: mti kwanza, mche baadaye

Maswali ni yaleyale kila wiki. Miti niweke lini? Nifungie nini? Mbona niliweka mti na bado nyanya zimelala chini? Nimeshayajibu kwa mdomo mara nyingi sana, sasa nayaandika yote hapa hatua kwa hatua ili ukiwa na panga lako mkononi uwe unasoma na kufanya. Mimi nalima nyuma ya nyumba Kibaha, udongo wetu ni wa mchanga na upepo haupumziki, kwa hiyo vipimo nitakavyokupa ni vya mahali pagumu. Ukiwa na udongo wa mfinyanzi unaoshika vizuri unaweza kupunguza kina kidogo, ila usipunguze sana.

Sababu nitaisema kwa kifupi maana hujaja kusoma nadharia. Nyanya ikigusa udongo inaoza. Mvua ikipiga chini, tope linarukia majani ya chini na ndo linabeba vimelea vya magonjwa. Majani yakibanana hayakauki, na bakajani, ule ugonjwa wa madoa ya majani, inapenda majani mabichi yenye unyevu. Ukiuinua mmea, upepo unapita, unaona wadudu mapema, na dawa ukipuliza inafika kila sehemu. Basi.

Kabla ya yote jua una nyanya gani. Aina fupi kama Roma VF, Cal J na Tanya zinaishia urefu fulani halafu zinaacha kurefuka, hizi zinataka msaada mdogo tu wa kamba mbili tatu. Aina ndefu kama Money Maker au Anna F1 zinaendelea kupanda mpaka uzikate, hizi bila mti utalia. Soma pakiti ya mbegu au muulize aliyekuuzia miche, usianze kukata miti hujui unachokishikilia.

Vitu vya kuandaa

Nitakupigia hesabu ya mstari mmoja wa mita 5, unaokaa miche 10. Ukitaka mistari miwili zidisha mwenyewe.

- Nguzo 2 nene za mwisho, mirunda au miti migumu, urefu mita 2.4, unene kama kifundo cha mkono wa mtu mzima
- Fito 4 za kati, urefu mita 2.2, mianzi au fito zozote zilizonyooka, unene wa dole gumba kwenda juu
- Mambo 2 za mti za kuvutia kamba, kama za hema
- Kamba mita 80 hivi kwa msimu mzima
- Panga, nyundo, mtaimbo, futi ya kupimia, ndoo ya maji
- Kokoto au vipande vya tofali, ndoo moja

Kuhusu kamba naomba unisikilize vizuri. Nzuri kuliko zote kwa nyanya ni kamba ya katani, ni nene, ina ukwaruzo haitelezi, na msimu ukiisha unaitupa kwenye mbolea inaoza pamoja na majani. Ina tabia moja, ikilowa inajikaza na ikikauka inalegea, kwa hiyo usiikaze mpaka ilie kama gitaa. Manila nayo inafaa ukichukua ile nene kidogo. Kisichofaa ni zile nyuzi watu wanachomoa kwenye viroba vya sandarusi. Najua ni za bure na kila nyumba zipo, lakini ni nyembamba zinakata shina, halafu jua likizipiga miezi miwili mitatu zinasagika vipande vipande na hivyo vipande vinabaki kwenye udongo wako hutavitoa tena. Waya wa kufungia nondo ndo kabisa usiufikishe kwenye shina. Kwa kufunga mmea mmoja mmoja chana tisheti kuukuu au kanga iliyochakaa uwe na vitambaa vya upana wa vidole viwili, hakuna kitu laini kama hicho. Kamba za mgomba zilizokauka ukiziloweka kidogo pia ni nzuri na ndo walizotumia bibi zetu.

Miti sasa. Mianzi ikate na uiache ikauke wiki mbili tatu kivulini, ikiwa mibichi inapasuka na kupinda. Ukikata mwanzi, upande wa juu kata juu kidogo tu ya pingili (lile fundo lake), yaani ncha ya juu iwe imezibwa, la sivyo maji ya mvua yanajaa ndani na mbu wanazaliana humohumo. Usitumie tawi bichi la glirisidia au mlonge, ukilichomeka linashika mizizi, na badala ya mti wa kuegemea unakuwa na mti wa kushindana na nyanya kwa maji na mbolea. Mnyaa usiuguse kwa kazi hii, ule utomvu wake mweupe ukiingia machoni ni hospitali.

Kama unatumia miti ya msimu uliopita isugue udongo wote utoke, kisha ifute au iloweke kwenye maji yenye jiki, kipimo kimoja cha jiki kwa vipimo tisa vya maji, uianike juani. Magonjwa yanakaa kwenye miti ya zamani yakisubiri miche mipya.

Kazi yenyewe: mstari wa nyanya

1. Chagua mstari uelekee wapi. Kwetu Pwani kusi inatoka kusini na kaskazi inatoka upande wa kaskazini, kwa hiyo mstari unaolala kusini kwenda kaskazini unapokea upepo kwa ubavu mwembamba. Ukiulaza mashariki magharibi umejenga tanga la jahazi, upepo wote unagonga ukuta wa majani. Kama uko bara, simama kwenye bustani jioni mbili tatu uangalie majani ya migomba yanapigwa kutoka wapi, halafu mstari ulale kufuata njia hiyohiyo ya upepo.

2. Wamba kamba ya kupimia mita 5 na uweke alama kila mita moja: sifuri, moja, mbili, tatu, nne, tano. Hizo alama sita ndo mahali pa miti.

3. Simika nguzo mbili za mwisho. Hapa usifanye haraka, kazi nzima inaning'inia kwenye hizi mbili. Toboa kwa mtaimbo mpaka sentimita 60, ingiza nguzo ikiwa imeinama kidogo kuelekea nje ya mstari, kama mtu anayevuta kamba, maana kamba zikijaa uzito zitaivuta ndani na itakaa wima. Weka kokoto chini, udongo kidogo, shindilia kwa kitako cha mtaimbo, mwagia maji kidogo, udongo tena, shindilia. Usijaze shimo lote mara moja ndo ushindilie juu, chini panabaki pamelegea. Ukimaliza shika nguzo kwa juu uitikise kwa nguvu zako zote. Ikicheza, toa urudie. Najua inaudhi, lakini nyanya kumi zenye matunda ni mzigo, na huo mzigo unakuja na mvua na upepo siku moja.

4. Funga kamba ya kuvutia. Piga mambo ardhini mita moja nje ya kila nguzo, ikiwa imelalia upande wa mbali na nguzo, halafu funga kamba nene kutoka juu ya nguzo mpaka kwenye mambo. Watu wengi wanairuka hatua hii kwa sababu siku ya kwanza nguzo inaonekana imara. Ifunge kitambaa chekundu au cheupe hiyo kamba, watoto wasije wakajikwaa.

5. Ingiza fito nne za kati kwenye alama zilizobaki, kina sentimita 45. Toboa njia na mtaimbo kwanza, ukiugonga mwanzi moja kwa moja kichwani unapasuka.

6. Sasa ndo upande miche. Narudia: SASA, sio kabla. Kati ya mti na mti ni mita moja, na humo inakaa miche miwili: kila mche sentimita 25 kutoka kwenye mti wake, na kati yao sentimita 50. Ukihesabu mita tano unapata miche 10. Ukipanda kwanza halafu uje kuchomeka miti baada ya wiki nne, unapita katikati ya mizizi, na mmea uliokatwa mizizi unanyauka mchana hata kama umemwagilia asubuhi, nawe unaanza kununua dawa za ugonjwa usiokuwepo.

7. Mmea ukifika sentimita 30 funga kamba ya kwanza, sentimita 20 hadi 25 kutoka ardhini. Anza kwenye nguzo ya mwisho, funga imara, pita upande mmoja wa mimea, ukifika kwenye ufito zungusha mara moja huku unavuta kamba ikaze, endelea mpaka nguzo ya pili. Pale zungusha mara mbili, halafu rudi kwa upande wa pili wa mimea vilevile, kila ufito mzunguko mmoja, mpaka ulipoanzia. Mimea sasa imebanwa katikati ya kamba mbili kama mshikaki kwenye mkaa, haijafungwa ila haina pa kuangukia. Hii njia naipenda kwa sababu hufungi shina hata moja, kwa hiyo hakuna shina la kukatwa.

8. Kila mmea ukipanda sentimita 20 hadi 25 ongeza kamba nyingine juu. Kwa nyanya ndefu inayokua vizuri hiyo ni karibu kila wiki. Chagua siku moja, mimi ni Jumamosi asubuhi umande ukishakauka, nusu saa inatosha. Usisubiri mmea uanze kuinama, ukishainama ukiuvuta kuurudisha ndani ya kamba unavunja matawi. Na usishike mimea ikiwa imelowa, unahamisha ugonjwa kwa vidole vyako kutoka mmoja kwenda mwingine. Kama unavuta sigara nawa mikono kwa sabuni kwanza, kuna virusi vya tumbaku vinaipata nyanya.

9. Toa machipukizi ya kwapani. Kwenye nyanya ndefu, kati ya jani na shina kunatoka kachipukizi, likiwa na urefu wa kidole kimoja livunje kwa mkono, usingoje liwe tawi. Bakiza shina kuu na tawi moja lile la chini ya ua la kwanza. Kwenye aina fupi USITOE, matunda yako yamo kwenye hayo matawi.

10. Mmea ukifika juu ya kamba ya mwisho kata kichwa. Nguvu inarudi kwenye matunda yaliyopo.

Hoho, biringanya na nyanya ya kwenye ndoo

Hizi kila mmoja na mti wake, mita moja inatosha. Chomeka siku ya kupanda, sentimita 8 hadi 10 kutoka kwenye mche. Kufunga ndo kwenye makosa mengi. Chukua kitambaa, funga fundo kwenye MTI kwanza, kaza kabisa isiteleze. Halafu zipishane ncha mbili katikati, zizunguke shina, ufunge kwa kulegeza, umbo liwe kama namba 8, mti kwenye tundu moja na shina kwenye tundu la pili. Kidole chako kidogo kipite ndani ya tundu la shina bila kubanwa. Kaza kwenye mti, legeza kwenye shina, hiyo ndo kanuni yote. Na funga chini ya jani au tawi ili kitambaa kiegemee hapo, usifunge juu ya kishada cha matunda.

Hili la kulegeza nina sababu ya kulisisitiza. Kuna mwaka jirani yangu, mama mmoja mchapakazi sana, alifunga biringanya zake zote kwa waya, ukakaa vizuri wiki za mwanzo. Shina likanenepa. Siku aliyoniita nikaangalie, waya ulikuwa umezama ndani ya shina mpaka huuoni, ngozi imefunika juu yake, na juu ya hapo majani yamekuwa ya njano huku chini yake ni ya kijani. Tulijaribu kuutoa kwa plaizi, ukatoka na nyama ya shina. Mimea sita ilikufa ikiwa imejaa maua. Iliniuma mimi, sembuse yeye.

Chanja la matango

Tango lina vikono vyake linajishikilia lenyewe, wewe lipe pa kushika tu. Chanja la mita mbili linatosha miche 12, sita kila upande.

1. Chukua fito nne za mita 2. Zifunge mbili mbili, sentimita 20 kutoka juu, upate mikasi miwili.
2. Isimamishe mikasi hiyo umbali wa mita 2, miguu ipanuke mita moja, izamishe sentimita 25 ardhini.
3. Laza ufito wa mita 2.3 juu kwenye mapanda ya mikasi na uufunge kwa msalaba, pande zote mbili za fundo. Chini kabisa, kimo cha kiganja kutoka ardhini, funga ufito mwingine kila upande.
4. Shusha kamba kutoka ufito wa juu mpaka wa chini kila sentimita 30, kisha pitisha kamba za kulala mbili au tatu kukatisha. Au tandika wavu.

Kuhusu wavu, sisi wa karibu na bahari nyavu za zamani za uvuvi tunazipata kirahisi. Tumia zile zenye macho makubwa, mkono wako na tango lake vipite. Zile zenye macho madogo zinanasa ndege na mijusi, na tango likikua katikati ya jicho dogo linabanwa na kuwa na kiuno.

Panda miche sentimita 30 kwa 30, umbali wa kiganja kutoka kwenye kamba. Wiki ya kwanza ya kutambaa ielekeze kwa mkono, ipitishe nyuma ya kamba mara moja, yenyewe itaendelea. Chini ya chanja panakuwa na kivuli, mimi napanda mchicha na saladi humo na hazikomai haraka kama zile za juani.

Maharage ya kutambaa ni rahisi zaidi: fito nne zimefungwa pamoja juu kama kibanda cha mgambo, mbegu tatu kila mguu. Yenyewe yanajizungusha hayana vikono, kwa hiyo yanataka mti mwembamba wenye ukwaruzo, bomba la plastiki yanateleza. Kunde nyingi na maharage mafupi hayahitaji chochote.

Ikiharibika

*Mstari mzima umelala baada ya mvua.* Karibu kila mara ni nguzo ya mwisho imeng'oka, sio fito za kati. Usiinue mimea kwanza. Simamisha nguzo upya, ongeza kokoto, weka kamba ya kuvutia, ndo uvute mstari polepole watu wawili, mmoja kila mwisho. Fanya mchana au jioni, asubuhi mashina yamejaa maji yanakatika kama kachumbari.

*Shina limevunjika ila limebaki na ngozi.* Lirudishe lilivyokuwa, lifunge na kitambaa pamoja na kijiti pembeni kama mguu wa mtu aliyevunjika, likinge na jua siku mbili tatu. Mara nyingi linaunga. Likikatika kabisa usilitupe, toa majani ya chini, lichomeke kwenye udongo wenye unyevu kivulini, nyanya inatoa mizizi kwenye shina na utapata mche mpya.

*Nyanya imeshakuwa kubwa na sikuweka mti.* Chomeka sentimita 20 mbali na shina, sio hapo jirani. Inua kidogo leo, kidogo baada ya siku mbili, kidogo tena. Yale matawi yaliyolala chini na kuota mizizi yaache hapohapo, inua yaliyobaki.

*Mchwa wanakula miti.* Watu wanapaka oili chafu ya gari. Usipake kwenye bustani ya chakula, inaingia kwenye udongo unaolisha watoto wako. Choma sehemu ya chini kwenye moto mpaka iwe nyeusi ya mkaa kwa nje, sentimita 10 zaidi ya itakayozama, na uchague mti mgumu. Hata hivyo ikague kila mwezi kwa kuisukuma.

*Kamba inateleza kwenye mwanzi.* Kata kimfereji kidogo sana kwa kisu pale itakapokaa, au funga juu ya pingili.

*Matunda yanapasuka au yanaoza kitako hata baada ya kuinua.* Hiyo sio kazi ya mti. Ni umwagiliaji wa leo mengi kesho hakuna. Mwagilia kwa kiasi kilekile, weka nyasi kavu chini.

*Majani yamekuwa na michirizi myeupe ya mdudu ndani.* Huyo mara nyingi ni kantangaze, kiwavi wa nondo anayekula ndani ya jani. Kamba hazimzuii, ila kwa kuwa mmea umesimama utamuona mapema, chuma majani hayo uyachome moto, usiyatupe kwenye mbolea.

Msimu ukiisha kata kamba, ng'oa mimea, toa miti yote ardhini hata kama utapanda tena palepale, ukiiacha sehemu iliyozama ndo inayooza. Ifute, ifunge fungu moja, iweke juu ya matofali chini ya paa, isiguse ardhi. Mirunda yangu mizuri imefika msimu wa nne namna hiyo, fito za mianzi msimu wa pili.